Mti Mrefu wa Mzee Gervasi

Asubuhi hiyo ya mwaka 1997, kinu cha mawese cha Mzee Gervasi pale Simbo kilikuwa na parafujo yake, pipa lake, hata nzi wake. Kilichokosekana, wiki nzima sasa, ni mti mrefu wa kuzungushia.

Alfajiri mgambo walikuwa wamemfunga kamba Nizigama, mkimbizi wa Burundi aliyeajiriwa kuusukuma mti huo. Akipatikana na hatia ni gerezani, na mkewe Inamahoro abaki peke yake kambini.

"Unamshuku kwa nini?" Inspekta Frida, aliyefika kutoka Kigoma mjini, alimuuliza Mzee Gervasi.

"Mti mrefu ulimtaka mtu mmoja tu, Afande. Huu mfupi tunaotumia sasa unataka wanne! Nimelazimika kuongeza watatu, wote rafiki zake. Shukrani ya punda ni mateke."

Frida akaushika mti mfupi karibu na parafujo, akasukuma. Kimya. Akasogea hadi ncha, akasukuma tena kwa nguvu zilezile. Parafujo ikalia, ikasogea kidogo. Kadiri unavyosukuma mbali na parafujo, ndivyo inavyozunguka kwa wepesi, ila miguu italipa kwa kutembea duara kubwa. Mzee alikuwa na hoja.

"Uliiba?" alimuuliza Nizigama.

"Oya, hapana, Afande. Ningekuwa mwizi ningeiba mafuta. Mti nitautafuna?"

Frida nusura acheke. Hapo akaona sisimizi. Walitoka kinuni kwa mstari mmoja, wakaingia jikoni kwa Veneranda, mke wa Gervasi, wakapanda hadi uchaga wa kuni juu ya mafiga. Chini ya kuni kulilala mti mrefu, ncha yake imechongwa pembe nne kuingia kwenye tundu la parafujo. Ilikuwa imelowa mawese.

"Mama, jikoni humu anaingia nani?"

"Mimi tu." Veneranda alimkaza mtoto mgongoni. "Ni mimi, Afande. Mfungueni. Tangu alfajiri najikaza niseme, naogopa."

"Kwa nini uliuficha?"

"Mwaka jana uchungu ulinishika, mtoto amekaa vibaya. Mume wangu yuko Kagunga. Nizigama na wenzake watatu wakanibeba kwa machela hadi zahanati, mvua inanyesha, matope magotini. Bila wao tungezikwa wawili. Nikamwomba huyu mzee awape kazi wote. Akasema mti unamtaka mmoja." Akaugusa ule mti. "Mimi nilibebwa na wanne, Afande."

Gervasi alikuwa amesimama mlangoni. Yule punda wa methali, kumbe alikuwa yeye.

"Mzee, mali ni yako," alisema Frida. "Unashtaki?"

Gervasi alimtazama mtoto mgongoni kwa mkewe. Akausukuma mti ndani zaidi, chini ya kuni.

"Ukae hapohapo. Mfupi unatosha."

Akatoka, akaifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Murakoze," alimshukuru Nizigama kwa Kirundi. Akawageukia wale watatu, Zénon, Nduwayo na Niyibizi, akamshika kila mmoja mkono kwa mikono miwili. "Murakoze. Kwa mama, na kwa huyu mtoto. Nisameheni, nimechelewa."

Frida alifunga daftari huku machozi yakimlengalenga. Wanaume wanne wakarudi kinuni, wakaushika mti mfupi.