Vidonge Mfukoni mwa Koti la Mteja

"Fundi, hebu niangalie vizuri. Mimi nina mikono miwili ya kushoto?"

Mteja alilitandaza koti mezani. Kweli, mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Fundi aliomba radhi huku akicheka. Mkewe hakucheka. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa kuwa ndiye aliyemalizia kazi za mumewe, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kumwona akikosea mkono.

"Ni zile dawa?" alimuuliza mumewe baada ya mteja kuondoka.

"Uchovu tu."

Ule ugonjwa wa ngozi, mkanda wa jeshi, ulikuwa umepona mwaka uliotangulia, ila ulimwachia Fundi moto chini ya mbavu. Hata shati lilimchoma. Vidonge vya daktari viliupoza, lakini vilimletea usingizi na kizunguzungu.

Baada ya siku ile mkasi ukarudi kukata sawasawa. Fundi, naye, akahamia sebuleni na godoro la akiba.

"Chumbani kuna nini?"

"Joto."

"Joto, au mimi?"

Fundi akarudi kwenye cherehani.

Mama Vifungo alimwandikia wifi yake: "Kaka yako amenihama."

Jibu likaja upesi: "Mwanamume hahami bure. Kagua simu."

Alikagua. Simu ilijaa vipimo vya suruali za watu. Akaona aibu, na upweke ukamzidi.

Wiki ya tatu alilishusha koti la mteja mmoja ambaye hakurudi kulichukua, ili akaze kifungo. Mfukoni akakuta vidonge vimefungwa katika kipande cha bitana. Vilikuwa vingi.

"Umeacha dawa?"

Fundi aliweka chaki chini.

"Nimeacha."

"Na hilo joto?"

"Ukijigeuza, shuka linanigusa, naungua. Sikutaka unisikie nikilia."

"Mimi nikadhani una mwanamke!"

"Na mbavu hizi? Angenirudisha siku hiyo hiyo."

Mama Vifungo alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku moja nikiwa bado kwenye dawa nilitaka kukuita, jina lako likanitoka. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Bora niungue."

"Ukilisahau nitakukumbusha. Huko sebuleni nitakukumbusha nini?"

Walikwenda wote wawili kwa daktari, naye akamgombeza Fundi kwa kuacha ghafla. Akampa dozi ndogo zaidi, ya kunywa jioni kazi ikiisha.

"Maumivu yataisha?" Fundi aliuliza.

"Sitakudanganya. Yatapungua. Mengine utaishi nayo."

Fundi alimgeukia mkewe. "Umesikia? Mengine."

"Nimesikia. Si ya kwako peke yako."

Jumapili mchana Fundi aliliburuta godoro lake hadi chumbani, akalilaza sakafuni kando ya kitanda. Mama Vifungo alishuka, akajilaza ukingoni mwa godoro, bila shuka, akaacha nafasi ya shubiri moja kati yao.

"Bado panachoma," Fundi alisema.

"Najua. Pachome, lakini ukiwa hapa."