Skrini ya Kumi na Tatu

"Jokofu limeacha kugandisha," sauti ya mwanamke ilisema kwenye simu.

Sindano aliweka bisibisi chini.

"La wapi?"

"Chumba cha Macho. Una dakika arobaini."

Simu ikakatika.

Alibaki ameishikilia sikioni, kama mtu anayesubiri kuambiwa kuwa ulikuwa mzaha. Mkuu wake hakuwa mtu wa mizaha. Na kati ya vyumba vyote alivyowahi kutumwa, hicho ndicho pekee alichoapa kutokanyaga tena.

Mkewe alifanya kazi mle miaka kumi na minane. Miezi saba ilikuwa imepita tangu wamzike.

Majirani walimjua Sindano kama fundi wa majokofu. Mkewe naye alikufa akijua hivyo.

Alivaa ovaroli ya bluu. Akafungua sanduku la spana, akaweka Glock chini kabisa, chini ya koleo na mikebe ya gesi. Akafunga nyumba. Siku hizi alikuwa anafunga kufuli mara mbili, ingawa ndani hapakuwa na mtu wa kulindwa.

Hilux ilikuwa imeingia barabara kuu pale redio ya Motorola ilipokoroma.

"Sindano."

"Nipo, Mkuu."

"Tumenasa ujumbe. Saa nane kamili mchana, lori jeupe aina ya Scania, Lango la Saba. Makasha ishirini ya viwashio vya mabomu. Wenyewe wako ng'ambo ya mpaka. Wanataka kulipua daraja la reli siku treni imejaa watu."

"Lango la Saba lina kamera."

"Linayo. Lakini saa nane, zamu zikipokezana, picha yake inahamishwa kwa dakika nne. Wameshajaribu mara mbili. Hakuna aliyeona kitu."

"Nani anaihamisha?"

Sindano alipita malori mawili kabla ya kujibiwa.

"Mpango unaoihamisha umehifadhiwa kwa jina la mkeo."

Hilux iliyumba. Dereva wa nyuma akapiga honi na kumtukana mamaye.

"Mke wangu amekufa, Mkuu."

"Tarehe iliyopo ni ya alipokuwa hai. Wataalamu wangu wanasema aliwaandalia njia kabla hajafa. Faili nalifunga leo. Likifungwa hivi lilivyo, ataandikwa msaliti, na litabaki hivyo."

"Si mlisimamishe tu hilo lori barabarani?"

"Tukilisimamisha, mtu wao wa ndani atafuta kila kitu, na sisi tutabaki na jina la marehemu peke yake. Wewe ukiingia na sanduku lako hakuna atakayeuliza. Na kuna jambo jingine." Sauti ikashuka kidogo. "Ningekuwa wewe, ningetaka kujua mwenyewe."

Saa ya Casio mkononi ilisema saa saba na dakika ishirini na nne.

Akakanyaga mafuta.

*

Chumba cha Macho kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la utawala, katikati ya bandari ya nchi kavu. Baridi, giza kidogo, na ukuta mzima wa skrini. Skrini kumi na mbili, sita juu, sita chini. Mbele yake waangalizi sita kwenye viti vya magurudumu, wakiangalia malango, mizani na maghala.

Kilichopanga picha hizo ni programu moja. Wenyewe waliiita Safu. Safu ndiyo iliyoamua dirisha gani likae skrini ipi, liwe kubwa au dogo, lisogee lini na liende wapi. Kila mwangalizi alikuwa na mpango wake ameuhifadhi kwa jina lake. Ukiingia zamu unabofya, na ukuta mzima unajipanga unavyopenda wewe.

"Shemeji!"

Mwanamke mfupi mwenye miwani minene aliinuka. Ndiye aliyekaa kiti cha jirani na mkewe Sindano miaka yote. Mle ndani aliitwa Miwani.

"Jamani umekonda! Ulikuwa mwembamba, sasa umebaki waya mtupu. Unakula kweli?"

"Nakula."

"Unakula nini? Spana?"

Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla, kama watu waliokumbuka kuwa wako mbele ya mfiwa.

"Nimekuja kuangalia jokofu," Sindano alisema.

"Hilo halina ubaya, shemeji. Wabaya ni hawa wanaoniibia maziwa." Akamsogelea, akashusha sauti. "Pole. Nilitaka kuja kukuona. Kila wiki nasema wiki hii naenda. Basi tu."

"Najua."

Hakujua. Miezi saba alikuwa akisikia hatua za watu nje ya mlango wake, na zote zilipita.

Alipiga magoti nyuma ya jokofu, akajifanya anakagua kompresa. Kiti cha mkewe kilikuwa pale pale. Mtu mwingine alikuwa ametundika sweta lake hapo, la kijani. Alilitazama sweta lile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili sweta.

"Mpango wake bado upo?" aliuliza, bila kugeuka.

"Wa Shingo? Upo." Miwani aliketi, akasukuma kiti karibu. "Nani angeufuta? Wiki ile ya msiba Msimamizi alikaa hapa, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akakiondoa. Akasema hapana, jamani, ubaki, uwe kumbukumbu. Tukalia wote. Tangu hapo hakuna anayeugusa. Kuufungua tu ni kama kumpekulia mtu kabati."

Shingo. Ndilo jina walilompa. Ajali ya gari ilimharibu shingo miaka mingi iliyopita, akawa hawezi kugeuka kushoto.

"Ulikuwa unajua tulivyokuwa tunamfanyia?" Miwani alisema, akitabasamu peke yake. "Tunamwekea chai kushoto. Makusudi! Azunguke na kiti chote, magurudumu yanalia kwii. Anatutukana huyo, mpaka mizani inasimama."

"Nifungulie."

"Shemeji..."

"Nifungulie nione tu ulivyo. Bila kuuwasha."

Miwani alimtazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akabofya.

Kwenye kioo kidogo cha meza yake ukatokea mchoro wa masanduku, kila sanduku likiwa na namba ya skrini. Chini yake orodha ya madirisha na mahali pa kukaa.

Lango la Sita: skrini ya kwanza, juu, kushoto kabisa. Pale ambapo siku zote hukaa Lango la Saba. Malango hayo mawili yalifanana kama mapacha, ukuta ule ule, kizuizi kile kile, na tofauti pekee ilikuwa maandishi madogo chini ya picha. Maandishi ambayo waangalizi wale, baada ya miaka ya kuangalia, hawakuyasoma tena. Walijua lango kwa mahali lilipokaa ukutani.

Lango la Saba: skrini ya kumi na tatu.

Sindano alihesabu ukuta. Sita juu. Sita chini.

"Ya kumi na tatu iko wapi?"

"Kwani si ile mbovu ya ofisini kwa Msimamizi? Imebandikwa karatasi kabisa."

Casio ikasema saa saba na dakika hamsini na tano.

*

Ofisi ya Msimamizi ilikuwa ya vioo, nyuma ya chumba. Mtu mnene, mpole, shati limepigwa pasi. Alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na ndiye aliyelia kuliko wote.

"Kaka!" Alimkumbatia. "Umetukumbuka."

"Nimekuja kwa ajili ya jokofu."

"Hapa hamna jokofu, kaka."

"Naona."

Kwenye kona, skrini imegeuzwa uso ukutani. Karatasi nyuma yake: MBOVU. Sindano aliweka kiganja juu ya karatasi, taratibu, kama anayempima mtoto homa.

"Ya moto hii."

"Jua hilo."

"Jua liko upande wa pili wa jengo."

Msimamizi alifunga mlango. Alipogeuka, Beretta ndogo nyeusi ilikuwa mkononi mwake, chini, usawa wa tumbo, mahali ambapo waangalizi wasingeiona.

"Fundi wa majokofu," alisema polepole. "Ndiyo maana kucha zako zilikuwa safi hata msibani. Weka sanduku chini. Kaa."

Sindano aliliweka. Akakaa. Mfuniko ulikuwa wazi.

"Ulirudisha tarehe ya kompyuta nyuma," alisema.

"Kazi ya dakika mbili."

"Alikuwa anakuita kaka."

"Amekufa, kaka yangu!" Msimamizi aliuma meno. "Yeye hatawasikia wakimwita msaliti. Mimi nina watoto wanne, wanasikia vizuri sana. Ungekuwa mimi ungemtwisha nani? Aliye hai?"

Saa ya ukutani ikagonga saa nane. Nje ya vioo zamu ya mchana ilikuwa inaingia. Watu wanapeana mikono, wanaulizana habari za nyumbani, migongo kwa ukuta. Msimamizi alinyoosha mkono wa kushoto, akabofya mara moja.

Ukuta wa skrini ukapepesa.

Hakuna aliyegeuka.

"Ulikosea kitu kimoja," Sindano alisema.

"Kipi?"

"Umeweka dirisha kushoto kabisa. Kwenye mpango wa mtu asiyeweza kugeuka kushoto."

Macho ya Msimamizi yalikimbia kwenda kwenye skrini ya kwanza. Kwa kufumba na kufumbua tu.

Ilitosha.

Sindano alichomoa mkebe wa gesi ya majokofu sandukuni, akaufungua. Fssss! Ukungu mweupe ukamvaa kifundo cha mkono. Msimamizi alipiga yowe, vidole vikafa ganzi, Beretta ikaanguka zuliani. Sindano aliisukuma kwa teke, akamgeuza, akamlaza kifudifudi juu ya meza na kumfunga pingu.

Akapiga mlango teke.

"Miwani! Soma maandishi ya skrini ya kwanza!"

"Eh?"

"Soma!"

"Lango la... Sita." Akatazama ya pili yake. "Na hili Lango la Sita. Mbona yako mawili? La Saba liko wapi?"

"Kwa bosi wako. Lirudishe. Skrini zote!"

Miwani hakuuliza tena. Alizungusha kiti, akashika kipanya, akalivuta lile dirisha kutoka mahali ambapo hapakuwa na ukuta, akaliachia.

Skrini kumi na mbili zikajaa picha moja.

Scania jeupe. Kizuizi kimeinuka. Magurudumu ya mbele yameshavuka mstari.

"Mkuu," Sindano alisema redioni. "Yuko langoni."

"Tumemwona. Vitengo vyote, funga mbele, funga nyuma."

Land Cruiser mbili zikatokea kulia. Nyingine kushoto. Dereva alijaribu kurudi nyuma, akagonga kizuizi, akakivunja, akazima injini. Mlango ukafunguka. Mikono miwili ikatoka kwanza.

Saa nane na dakika tatu.

Mle ndani mtu alipumua kwa sauti. Miwani alikuwa akilia, kwa hasira, akimwangalia bosi wake kupitia kioo.

"Tulikuachia mpango wake kwa heshima yake," alimwambia. "Heshima yake, wewe mtu!"

Redio ikakoroma.

"Sindano. Jina lake nimelitoa kwenye faili. Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Asante, Mkuu."

Alizima redio. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, na hakukuwa na mtu nyumbani wa kwenda kumwambia.

*

Askari walipomaliza kumshusha Msimamizi, Miwani alimvuta Sindano kwa mkono wa ovaroli.

"Ngoja kwanza. Safu inaweka nakala za zamani. Nimepata wake wa kweli, kabla haujachezewa. Niuwashe?"

Alitaka kusema hapana. Akatikisa kichwa kukubali.

Ukuta ukajipanga upya. Skrini zote za kushoto zikawa nyeusi. Madirisha yote yakasongamana kulia, mizani juu ya malango, malango juu ya maghala, kama nyumba ya watu wengi. Na chini kabisa, pembeni, kidirisha kidogo kisichohusiana na mizigo wala malori. Benchi la chuma nje ya geti la wafanyakazi. Tupu.

"Kile cha nini?" Sindano aliuliza.

"Cha kwako, shemeji." Miwani alimshangaa. "Hakukwambia? Siku zako za mapumziko si ulikuwa unakuja kumsubiri pale? Tukimwambia kifunge, kinakula nafasi, anatujia juu. Anasema acheni, namwangalia mume wangu."

Sindano alikitazama kile kidirisha.

Miaka kumi na minane. Alikaa kwenye benchi lile akipiga miayo, akijikuna, akitazama saa, akinung'unika peke yake kwamba mkewe amechelewa. Yeye aliyefundishwa kujua kila kamera kabla haijamjua. Hakuwahi hata siku moja kuinua uso. Hakuwahi kupunga mkono.

"Mpango wake nao ni ushahidi," Miwani alisema. "Wataunakili, halafu watataka ufutwe. Niwaambie nini?"

"Waambie wafute."

"Na kile kidirisha?"

"Leo kiache."

Akabeba sanduku lake, akashuka ngazi, akapita kwenye geti la wafanyakazi. Jua lilikuwa kali. Simu ililia mfukoni, Mkuu tena, kazi nyingine bila shaka. Aliiacha ilie.

Kwenye benchi la chuma alisimama bila kuketi. Akafunga kifungo cha juu cha ovaroli. Akanyoosha mgongo, akainua uso, akatazama juu nguzoni ilipo kamera, moja kwa moja, kwa muda ambao mtu humtazama mwenzake wakiagana.

Kisha akatembea, bila haraka, mpaka nje ya picha.