Mashua ya Nyuma

Lorraine alitaka tu mashua yao ipite kwenye daraja la kuinuliwa la Karolina kabla ya giza. Mumewe Harlan alikuwa chini chumbani, anakohoa. Daktari alishasema kifua kile hakitavumilia baridi nyingine ya Virginia, kwa hiyo walinunua mashua kuukuu wakafuata mifereji ya pwani kwenda kwenye joto la Florida.

Akashika redio, akaomba afunguliwe daraja.

"Sawa, mama," akajibu mlinzi wa daraja. "Ila mwambie mwenzio wa nyuma aongeze mwendo. Sifungui mara mbili."

Lorraine akageuka. Maji meusi. Miti. Hakuna mtu.

"Niko peke yangu."

"Acha utani, mama. Mwenyewe amejitaja redioni sasa hivi. Odessa."

Lorraine akatazama tena nyuma.

Odessa lilikuwa jina walilolikuta kwenye mashua hii hii. Mabaharia wa pwani ile hawabadili jina la mashua ovyo. Humwaga pombe majini na kuiomba bahari ilisahau lile la zamani. Harlan alimsihi wafanye hivyo. Lorraine, mjuaji, alimcheka, akalikwangua kwa kisu na kubandika jina lake mwenyewe.

Nyuma yake injini ikanguruma, taratibu... Harufu ya tope bichi ikapanda.

Na chini, kikohozi kikakatika.

"Harlan?"

Akainamia mlango wa chumba.

"Harlan, nijibu basi..."

Aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote. Akaleta redio mdomoni, alirudishe lile jina.

"Odessa ni sisi," akanong'ona. "Tufungulie."

"Haya." Mlinzi akachungulia. "Ajabu. Yule wa nyuma simwoni tena."

Daraja likainuka. Harlan akapanda juu, mgongo umenyooka, akamwondoa kwenye usukani kwa upole.

"Tubane kushoto," akasema. "Pale mbele pana mti umezama."

Mti ulikuwepo kweli. Lorraine akamuuliza amejuaje, maana njia hii hawajawahi kuipita.

Harlan akamtazama kwa huruma. "Si tunapita kila mwaka?"

Florida walifika salama. Harlan hakohoi tena, anakula kamba sahani nzima, na majirani wa gatini wanampongeza Lorraine kwa kumuuguza vizuri. Naye huwashukuru. Hajamwambia mtu kwamba Harlan akilala, yeye humwekea sikio kifuani, akasikiliza mpaka shingo inauma.

Hakuna kinachodunda.