Jiko la Mkaa Chumbani kwa Hilda

Hilda na mume wake Yoramu wanaishi Zuzu, Dodoma, karibu na reli. Wanalima zabibu. Mama yake Yoramu, Bi Debora, anaishi nao. Ana miaka sabini na ushei. Macho yamechoka kidogo, lakini mdomo bado mzima kabisa. Kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza kuamka. Hufagia uwanja, huwasha jiko, kisha hugombeza kuku.

Mwezi wa tatu, zabibu zikiwa karibu kuvunwa, Hilda alijifungua mapacha. Msichana aliitwa Ruthu, mvulana aliitwa Seth. Walizaliwa kabla ya siku zao. Walikuwa wadogo mno, hata Yoramu aliogopa kuwashika. Hospitalini walikaa siku tisa. Muuguzi alimfundisha Hilda kuwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na khanga juu yao.

Waliporudi nyumbani, Bi Debora alimwona Hilda akifanya hivyo. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwanangu, mtoto anavuliwa nguo ili apate joto? Nani kakudanganya?"

"Muuguzi, mama."

"Muuguzi mwenyewe kazaa wangapi?"

"Sikumuuliza, mama."

"Mimi nimezaa tisa, wote kwenye tembe la udongo. Kila mmoja nilimlaza karibu na moto. Hebu wavishe hao watoto!"

Hilda hakutaka kubishana na mama mkwe wake. Aliwavisha watoto masweta, akawafunga mablanketi, akawalaza kitandani. Kosa la kwanza lilifanyika hapo, na lilifanyika kwa heshima.

Nyumba yao ni mpya. Yoramu aliimaliza mwaka jana. Kuta ni za tofali za saruji. Juu kuna bati, na chini ya bati kuna dari. Madirisha ni ya kioo, ya kusukuma. Upepo wa Dodoma, ule unaotia vumbi hadi kwenye sufuria ya ugali, hapo haupati pa kupita. Bi Debora aliisifia nyumba hiyo kuliko hata mwenyewe aliyeijenga.

Jumamosi moja, saa nane mchana, wingu jeusi lilitokea upande wa mjini. Upepo ulivuma, ukanyamaza. Halafu bati likaanza kupigwa.

Mvua ya mawe si kitu kigeni Dodoma. Huja, hugonga bati dakika mbili tatu, watoto huokota mawe na kuyatafuna, basi. Siku hiyo haikuwa hivyo. Mawe yalianguka karibu nusu saa, bila kupumzika. Mvua ilipokatika, uwanja mzima ulikuwa mweupe. Barafu ilifika kwenye vifundo vya miguu. Baridi ilipanda kutoka chini, na mtu akihema, anaiona pumzi yake.

Jirani mmoja alitoka na simu yake, akaanza kupiga picha.

"Jamani, Zuzu tumehamia Ulaya!" alipiga kelele.

Watu walicheka. Yoramu hakucheka. Alikuwa anakimbia kwenda shambani.

Alikuta majani ya mizabibu yamechanika yote. Vishada vilikuwa chini, vimepasuka, maji yake mekundu yameingia kwenye barafu. Miezi ya kupogoa, kumwagilia na kupiga dawa ilikuwa chini ya miguu yake. Aliokota kishada kimoja, akakitupa. Akaokota kingine, akakitupa.

"Basi," alisema peke yake. "Basi tena."

Alikaa huko zaidi ya saa nzima. Hakuwa na la kufanya, ila hakuweza kuondoka.

Nyumbani, Hilda alikuwa anatetemeka. Miguu ya watoto ilikuwa ya baridi.

"Mama, watoto wanapoa," alisema. "Labda niwabebe kifuani kama—"

"Kifuani, kifuani! Na wewe mwenyewe unatetemeka? Subiri, mimi nipo."

Bi Debora aliwasha jiko la mkaa kibarazani. Hakuliingiza ndani upesi. Alijua moshi unaumiza macho ya watoto. Alilipepea mpaka mkaa wote ukawa mwekundu, na moshi ukaisha kabisa. Kisha alilibeba, akaliweka chumbani, karibu na kitanda, upande aliolala Ruthu. Alisukuma dirisha, likafungika. Alikunja khanga ya zamani, akaiziba nafasi chini ya mlango.

"Sasa lala, mwanangu," alisema. "Umeona joto hilo?"

"Asante, mama," Hilda alisema. Kwa kweli alisikia raha. Chumba kilipata joto haraka.

Bi Debora alienda jikoni kupika uji. Alikuwa na furaha. Alifanya yote kwa upendo, na ninaandika hivi ili asije mtu akasema alikuwa bibi mbaya.

Baada ya nusu saa alichungulia.

"Mama, kichwa kinaniuma," Hilda alisema kwa sauti ndogo. "Kichefuchefu pia."

"Ni uchovu wa uzazi. Lala."

Akafunga mlango tena.

Yoramu alirudi kutoka shambani, miguu yake imejaa matope. Alikaa kizingitini, akaweka uso mikononi.

"Zimeisha, mama. Zote."

"Pole, mwanangu. Mungu hajatutupa. Mkeo na watoto wako salama, wamelala kwenye joto."

"Ngoja niwaone."

"Waache wapumzike! Utaingiza baridi."

Yoramu akabaki pale alipokaa. Chumba kilikuwa hatua sita kutoka kwake. Mpaka leo anazihesabu hatua hizo.

Saa kumi na nusu alifika Mwanaidi. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji, mwenyeji wa Kondoa aliyeolewa Zuzu. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira na koti la mumewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na mawe yote haya umetoka?"

"Nimewawaza wale wadogo. Baridi kama hii ni mbaya sana kwao. Wako wapi?"

"Wamelala. Nimewawekea jiko."

Mwanaidi alisimama. "Jiko gani, bibi?"

"La mkaa. Usiogope, halina moshi hata kidogo."

Mwanaidi aliusukuma mlango, akabeba jiko kwa khanga ile ile, akalitupa nje kwenye barafu. Akafungua dirisha lote.

"Yoramu! Njoo! Mtoe mkeo nje!"

Hilda alikuwa amelegea. Alitikiswa, akafumbua macho nusu, akayafumba. Yoramu alimburuta mpaka uwanjani. Mwanaidi alitoka na watoto, mmoja kila mkono. Seth alitoa sauti ndogo. Ruthu hakutoa sauti. Mwanaidi alimlaza kwenye meza kibarazani, akampulizia pumzi mdomoni na puani, taratibu, tena na tena. Alimbonyeza kifua kwa vidole viwili. Bi Debora alisimama akitazama, mwiko wa uji bado mkononi.

Baada ya muda mrefu, Mwanaidi alimfunika Ruthu uso.

"Lakini moshi haukuwepo," Bi Debora alisema. "Haukuwepo, Mwanaidi. Niliungoja ukaisha."

Bajaji ya jirani iliwapeleka wote hospitali ikiteleza njia nzima; majirani wengine walibaki na maiti ya Ruthu. Hilda aliwekewa oksijeni. Seth pia.

Bi Debora alikaa chini kwenye ukumbi, mgongo ukutani. Mwanaidi alikaa karibu naye.

"Niambie," Bi Debora alisema mwishoni. "Nilikosea wapi? Nimelea watoto kwenye moto maisha yangu yote."

"Bibi, mkaa unapoungua unatoa hewa ya sumu. Haionekani. Haina harufu. Moshi ukiisha, sumu bado ipo. Mtu anaivuta bila kujua. Kwanza kichwa kinauma. Halafu kizunguzungu na kichefuchefu. Halafu anasinzia, na hapo ndipo anapokufa."

"Hilda aliniambia kichwa kinamuuma."

"Hiyo ndiyo ilikuwa dalili. Hapo ni kufungua milango, kumtoa nje, na kumkimbiza hospitali."

"Na kwenye tembe? Mbona kwenye tembe hatukufa?"

"Tembe lina matundu. Upepo ulipita ukutani na juu, ukaipunguza sumu. Hata hivyo, wapo waliokufa, bibi, na watu wakasema wamerogwa. Nyumba yenu mpya haina tundu. Dirisha lilifungwa, na chini ya mlango uliziba."

Bi Debora alijifunika uso kwa khanga. Alilia bila sauti. Mwanaidi alimwacha alie.

Siku ya pili Yoramu alirudi Zuzu kumzika Ruthu. Aliondoka bila kumsemesha mama yake. Alipita mbele yake, akatazama pembeni. Bi Debora hakula siku hiyo. Alisema chakula kingepita wapi.

Mchana muuguzi alitoka wodini.

"Seth anapumua vizuri sasa, lakini anapoa," alisema. "Nimempima, joto limeshuka tena. Anahitaji kifua cha mtu, na mama yake bado hana nguvu. Baba yuko wapi?"

"Yuko makaburini," Mwanaidi alisema. "Bibi yake yupo hapa."

Bi Debora alirudi nyuma. "Mimi? Hapana. Mikono hii? Hapana!"

"Si mikono, bibi. Ni kifua."

"Yoramu hatakubali. Na ana haki."

Mwanaidi alipiga simu. Kule Zuzu watu walikuwa wanaimba nyimbo za kanisani, na Yoramu alisogea pembeni ili asikie. Mwanaidi alimweleza. Kisha alimpa Bi Debora simu.

Bi Debora alisikia nyimbo tu, akadhani Yoramu ameiacha simu.

"Mama," alisema.

"Mwanangu."

"Ruthu tumeshamfukia. Mbebe Seth."

Muuguzi aliweka kiti karibu na kitanda cha Hilda. Bi Debora alifungua blauzi yake. Ngozi ya kifua chake ilikuwa imekunjamana. Muuguzi alimvua Seth nguo zote, akamwachia nepi kavu, kofia na soksi. Akamweka wima kati ya matiti ya bibi yake, kichwa kimegeukia upande ili apumue vizuri. Akawafunga pamoja kwa khanga, kisha blanketi juu.

"Pua iwe wazi kila wakati," alisema. "Usimlaze chini. Ukichoka, mwingine ampokee: baba, shangazi, yeyote mwenye afya. Hilda atamkamulia maziwa, na tutamnywesha kila baada ya saa mbili. Mtoto mdogo akishiba, joto lake linakaa."

"Na mimi nitatosha kumpa joto?" Bi Debora aliuliza. "Mzee kama mimi?"

"Mwili wako hauna sumu, bibi."

Baada ya saa moja muuguzi alimpima Seth. Joto lilikuwa limepanda. Miguu yake, iliyokuwa ya baridi tangu asubuhi, ilikuwa na joto. Hilda alikuwa ameamka. Alimtazama mama mkwe wake, na mtoto mmoja kifuani mwake. Alitafuta kwa macho mtoto wa pili. Hakuna aliyekuwa amemwambia bado.

Bi Debora alimwambia mwenyewe. Alikataa mtu mwingine aseme.

Seth alibebwa kifuani wiki tano. Hilda alipopata nguvu alimbeba yeye. Yoramu alimbeba akiwa ameketi kibarazani, shati wazi, na wapita njia walimtania.

"Yoramu, umekuwa mama siku hizi?"

"Ndiyo," alijibu. "Na wewe ukipata mdogo kama huyu, utakuwa mama vilevile."

Mizabibu haikuzaa tena mwaka ule. Familia ilikula kwa shida. Yoramu alienda vibarua huko Msalato, akarudi jioni amechoka. Alianza kumsemesha mama yake taratibu, kwanza kuhusu mtoto tu. Hilda hakumsema Bi Debora kwa neno lolote. Lakini kuna siku alitoka chumbani ghafla, akaenda kulia nyuma ya nyumba, na wote walijua kwa nini.

Mwezi wa sita baridi ya kipupwe ilianza. Seth alikuwa na kilo nne na nusu. Bi Debora alimfuata Mwanaidi nyumbani kwake.

"Unapozunguka kuwatembelea wazazi," alisema, "nichukue."

"Bibi, utaumia. Kila nyumba utaulizwa."

"Waniulize."

Nyumba ya tatu waliyoingia ilikuwa ya Edina, msichana aliyejifungua wiki mbili kabla. Upepo ulikuwa mkali. Edina alikuwa amejifunika blanketi, mtoto pembeni yake. Mlangoni, jiko la mkaa lilikuwa tayari kuingizwa ndani. Mkaa ulikuwa mwekundu, hauna moshi hata kidogo.

Mwanaidi alifungua mdomo ili aeleze. Bi Debora alimshika mkono.

"Shikamoo, bibi," Edina alisema.

"Marahaba, mwanangu." Bi Debora aliinama, akalibeba jiko mpaka katikati ya uwanja, akaliweka chini. Akarudi, akakaa kitandani karibu na Edina. Alifungua kishikizo cha kwanza cha blauzi ya msichana huyo, akamchukua mtoto, akaanza kumvua sweta.

"Mweke hapa kwanza, apate joto," alisema. "Halafu nitakuambia habari za mjukuu wangu Ruthu. Nilimuua mimi, na nilikuwa nampenda."