Diski ya Pili

Kompyuta ya mkunga ilifika ikiwa na joto kama mwili wa mgonjwa wa homa, ilhali haikuwa imewashwa tangu juzi. Hapo ndipo Fundi angesema, dada, irudishe ulikoitoa. Hakusema. Fundi wa kompyuta akiogopa joto, atakula wapi?

"Nilibonyeza sasisha tu, jamani," mkunga alijitetea. "Ikajizima. Sasa nikiwasha inaniletea hii."

Akaiwasha. Katikati ya kioo cheusi, picha ya folda yenye alama ya kuuliza ilikuwa ikija na kupotea, ikija na kupotea.

"Inatafuta diski ya kuwashia," Fundi alimwambia. "Imeamka, haijui iamkie wapi. Mambo ya kawaida haya ukibadilisha mfumo. Niachie."

"Humo mna watoto wote niliowazalisha miaka kumi na miwili, dada yangu. Wakipotea, nimekwisha."

Fundi alifanyia kazi sebuleni kwake. Chumba cha pili alikuwamo bintiye wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akila, aliongea akioga, na akiishiwa maneno aliimba wimbo wake wa mayai, kutwa nzima:

Kuku wangu ana mayai matatu,
moja limeanguliwa, moja limevunjika,
la tatu ni langu!

"Mke mwenzangu, nihurumie," bibi yake alilalamika. "Yai lenyewe litaoza hilo!"

Fundi aliishikilia ile batani ya kuchagulia diski, akawasha. Mashine ilikuwa na diski moja. Alikuwa ameifungua mwenyewe, akaiona kwa macho yake. Kwenye kioo zikatokea mbili. Ya kwanza haikujibu. Ya pili haikuwa na jina, na alipoigusa tu, sebule ikajaa harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi linapochimbwa. Alichungulia dirishani. Nje jua lilikuwa kali na hakuna aliyechimba chochote.

"Mifumo mipya ina vituko," alijisemea, akaichagua.

Kioo kikaandika: Ipe jina diski ya kuwashia.

Mazoea yana taabu. Kila fundi ana neno lake la majaribio, la kuandika pasipo kufikiri, na huyu kwa miaka sita aliandika neno moja tu kwenye kila diski aliyoishika. Vidole vikaandika Chiriku, akili ikafika baadaye.

Mashine ikawaka. Watoto wa mkunga wote walikuwamo, kila mmoja na siku yake ya kuzaliwa. Fundi alipiga makofi kwa furaha, akaanza kuwatolea nakala, na ilimchukua muda kugundua kwamba nyumba ilikuwa kimya.

Wimbo ulikuwa umekatika kwenye "la tatu".

Chiriku alikuwa ameketi sakafuni, macho wazi. Akivutwa mkono alisimama. Akilishwa alimeza. Neno hasemi.

"We Chiriku! Mwanangu, niitikie basi!"

Mtoto alimtazama mama yake polepole, kuanzia miguuni kwenda juu, kama mpangaji anayekagua chumba. Nywele zake zilinuka udongo mbichi.

Na kule sebuleni, ndani ya spika, sauti ndogo ikauliza, "Mama? Mbona huku hamna mlango?"

Bibi ndiye aliyemleta mganga, alasiri. Alikuwa mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, na mbele ya ile mashine alikiri waziwazi kwamba yeye amezoea majini ya kwenye visima. Alisikiliza spika. Akaenda kumnusa mtoto. Alirudi akinong'ona.

"Halikuvunja mlango hili. Lilikuwa limekwama humo, linatafuta pa kuamkia. Wewe ukaliandikia jina la mwanao."

"Litoe," Fundi alisema. "Nakuomba, mzee, litoe."

"Nikilitoa mwilini litarudi humo kwenye diski. Na aliyemo atakwenda wapi? Mtoto lazima atoke kwanza. Lifute jina lake wewe, kwa mkono uleule."

Fundi alilifuta. Likarudi. Alilifuta tena, na kioo kikamjibu kwa upole: Jina halibadilishwi hadi usasishaji ukamilike. Mashine itajizima na kujiwasha baada ya dakika tano. Chini yake kulikuwa na batani moja tu, nayo ilisema Sawa.

"Mama, kuna mtu alikuwa amelala hapa," sauti ilisema. "Kitanda chake bado kina joto."

Fundi alijaribu kila alichojua, na alijua mengi, alisimamisha saa ikaendelea, alifunga programu ikajifungua, alianza kumtolea nakala mwanawe kama alivyowatolea watoto wa watu na kioo kikamwonyesha kwamba kazi ile ingechukua siku arobaini, na muda wote huo harufu ilizidi kuja kutoka chumbani, nzito, ya majimaji, na nyayo ndogo zilisikika zikija hadi mlangoni zikasimama hapo zikingoja, na Fundi hakugeuka, aliikumbatia mashine ya watu kifuani akirudia mama yupo, mama yupo, mpaka sauti iliyokuwa ndani yake ikasema, "Mama, mbona kunaingia giza?"

Kioo kikazimika.

Kilipowaka, folda ilikuwa pale na alama yake ya kuuliza, ikija na kupotea. Aliishikilia batani. Hakukuwa na diski ya pili.

Nyuma yake, mlangoni, sauti ya Chiriku, ileile, na kile kikwaruzo chake cha kooni, ikaimba:

"...ni langu!"

"Mke mwenzangu kapona!" Bibi alipiga kigelegele, akamnyanyua, machozi yanamtiririka. Mganga alikuwa ameshashika viatu vyake mkononi. Alimtazama Fundi mara moja, akatoka bila kuaga.

"Mama," mtoto aliita, nywele zake bado zikinuka udongo mbichi. "Mama, mbona huniitikii?"

"Muitikie mwanao, wewe!" Bibi alifoka huku akicheka.

Fundi aliiweka mashine mezani. Ilikuwa imepoa, baridi kabisa.

"Abee, mwanangu," alisema.