Soma Hadi Nukta

Kila asubuhi kengele ya kwanza ilimkuta Wino amekwisha kufuta ubao wa darasa la sita na kupanga madaftari ya Kiingereza juu ya meza ya mwalimu, safu mbili zilizonyooka kama pindo la sare mpya. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na unadhifu ule alikuwa ameurithi kwake.

Jina la Wino alipewa darasani. Mwalimu wa Kiingereza alimkabidhi kalamu nyekundu ili apitie kazi za wenzake kabla yeye mwenyewe hajazisahihisha. Msichana huyo alikuwa na kichwa chepesi, hilo halina ubishi. Alijua kwamba sentensi ya Kiingereza huanza kwa herufi kubwa, kwamba lazima awemo mtendaji na kitendo chake, na kwamba mwisho huwekwa nukta. Huruma ndiyo iliyokuwa imempita kando.

Yeye ndiye aliyebuni mchezo wa "hadi nukta". Aliyesahau kuweka nukta alisimamishwa mbele asome kazi yake kwa pumzi moja mpaka akutane na nukta, huku darasa zima likihesabu kwa kugonga madawati. Aliyeishiwa pumzi alizomewa. Mwalimu aliona watoto wameanza kukumbuka nukta zao, akauacha mchezo uendelee. Tena naye alikuwa akicheka.

Muhula wa pili akaja msichana mgeni, mrefu kuliko wote, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake mfua nguo. Shule aliyotoka, Kiingereza kilifundishwa siku mwalimu alipopatikana. Insha yake ya kwanza ilianza juu ya ukurasa ikateremka hadi chini bila kusimama popote.

"Hii treni!" Wino akapaza sauti, akiliinua daftari juu. "Imevipita vituo vyote!"

Darasa likavunjika mbavu kwa kicheko. Tangu siku hiyo mgeni akawa Treni, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina lake.

Mwalimu mkuu alimpa mwezi mmoja. Akishindwa kuandika insha fupi ya Kiingereza inayoeleweka, angerudishwa darasa la nne, akakae na watoto wanaomfika kiunoni. Mwalimu wa Kiingereza akamkalisha dawati moja na Wino, ili amsaidie.

Na Wino alimsaidia kweli, tusimwonee.

"Usianze na maneno, anza na swali," alimwambia. "Nani?"

"Shangazi."

"Anafanya nini?"

"Anafua mashuka."

"Basi, umeshamaliza. Weka nukta, upumue, halafu ndiyo uanze nyingine. Wewe unataka kumfulisha, kumwanikisha na kumpigisha pasi kwa mkupuo mmoja!"

Treni alicheka, akaandika. Siku moja wakati wa mapumziko, Wino alimkuta nyuma ya darasa akivuta dawa kutoka kwenye kichupa kidogo cha buluu.

"Nina pumu," Treni alimwambia, akikificha kichupa mfukoni. "Usimwambie mtu, tafadhali. Kule nilikotoka walikuwa wananikimbia, wanasema nitawaambukiza."

"Kwangu haitoki," Wino akaahidi. Na kweli, haikutoka.

Wiki ya tatu Treni aliandika sentensi nane, zote zimesimama penye nukta. Mwalimu alizisoma kwa sauti, akatabasamu. "Wino, angalia! Ukisinzia kidogo tu, muhula ujao kalamu nyekundu itashikwa na Treni."

Alisema kwa utani. Darasa likapiga makofi, na Wino akapiga pamoja nao, lakini kijicho kilimchoma rohoni kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo. Usiku ule na uliofuata hakuwaza jambo jingine.

Siku ya majaribio waliandika kwa penseli. Treni alimaliza wa kwanza, sentensi kumi na mbili kuhusu shangazi yake na mashuka ya watu. Kengele ya mapumziko ilipolia, Wino aliyakusanya madaftari kama kawaida yake. Darasa lilipobaki tupu alilifungua la Treni, akachukua kifutio, akafuta nukta moja moja, zote kumi na mbili. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Baada ya mapumziko mwalimu mkuu aliingia akaketi nyuma kusikiliza. Mwalimu wa Kiingereza alilifungua daftari la Treni, na tabasamu lake likafifia.

"Nukta ziko wapi?"

"Nimeziweka, mwalimu."

"Ziko wapi? Nionyeshe moja tu."

Treni aliutazama ukurasa wake. Aliugeuza, akaugeuza tena. "Mwalimu, haki ya Mungu niliziweka."

"Hadi nukta!" Wino akaanzisha, na darasa zima likadakia. "Hadi nukta! Hadi nukta!"

Mwalimu hakuwazuia. Treni akaanza kusoma, na mikono arobaini ikaanza kugonga madawati. Alisoma mistari miwili, mitatu. Kwenye mstari wa nne sauti ilikwaruza. Kwenye wa tano kifua kikaanza kulia kama filimbi, na wenzake wakacheka kwa nguvu zaidi, wakidhani anaigiza treni inayoingia kituoni. Hata mwalimu aliuma mdomo kuzuia kicheko.

Mtu mmoja tu mle ndani alijua kwamba Treni haigizi. Begi lenye kichupa cha buluu lilikuwa chini ya dawati, likigusana na mguu wa Wino. Lakini angelifungua, wangemuuliza amejuaje, na labda wangemuuliza na mengine. Mkono wake haukusogea.

Treni alijaribu kuishika meza ya mwalimu, akaikosa, akaanguka. Ndipo mwalimu mkuu aliporuka kutoka nyuma, akambeba hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara.

Jioni habari zilifika kwamba anapumua vizuri na atalala hapo siku mbili. Kwenye jalada la daftari lake mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika: Arudi darasa la nne. Mwalimu wa Kiingereza akampa Wino daftari hilo alipeleke kwa yule shangazi, kwa kuwa yeye ndiye rafiki yake.

Wino alipita nyumbani kwanza. Mama yake alilipokea daftari, akayasoma maneno ya jaladani, akalifungua, akapitisha kidole juu ya ukurasa kama anavyopima kitambaa. Kiingereza hakukijua hata neno, lakini kidole kilisimama, kikaenda mbele, kikasimama tena.

"Nani kafumua hapa?"

"Kafumua nini, mama?"

"Mshono ukifumuliwa, tundu la sindano linabaki. Hapa palikandamizwa ncha ya penseli, halafu pakafutwa. Na hapa. Na hapa. Nimehesabu kumi na mbili."

"Labda amefuta mwenyewe."

"Mtoto anayeogopa kurudishwa darasa la nne afute mwenyewe?" Mama aliuondoa mguu kwenye cherehani. "Nitazame usoni, mwanangu."

Wino alishindwa kumtazama. Alilia, akasema yote, hata ya kichupa. Mama hakumpiga wala hakumfuta machozi. Wino alipofika kwenye habari ya kichupa, mama alifunika mdomo kwa kiganja.

"Nguo nikiiharibu, hairudishwi na mtoto wa jirani," alisema mwishowe. "Naipeleka mwenyewe kwa mwenyewe. Treni atakaporudi, utasema mbele yake na mbele ya wote waliomcheka. Mimi nitakuwa mlangoni."

Siku ya tatu Treni alirudi na shangazi yake kuchukua vitu vyake ahamie darasa la nne, na mwalimu mkuu alikuwapo. Wino, daftari mkononi na mama yake mlangoni, alisimama mbele, mahali palepale alipoangukia Treni, akasema yote aliyoyatenda. Kisha mtu akagonga dawati, wa pili akamfuata, na wale wale waliokuwa wakicheka juzi wakaanza kumwimbia yeye: "Hadi nukta! Hadi nukta!"

"Nyamazeni!" Treni alisema. Walinyamaza. Alimgeukia Wino. "Nilikuambia siri yangu wewe peke yako. Sijakusamehe, na sijui nitakusamehe lini. Lakini mchezo huu sitaki kuusikia tena, hata ukichezewa wewe."

Mwalimu mkuu alichukua kalamu, akayakata maneno aliyoyaandika kwenye jalada. Kalamu nyekundu ilirudi mezani kwa mwalimu, na haikupewa mtu mwingine.

Mwalimu wa Kiingereza alisimama mbele ya ubao bila chaki mkononi. "Herufi kubwa zote zilikuwa mahali pake kwenye ukurasa ule," alisema. "Ningeangalia vizuri ningejua kwamba aliyeandika vile alijua anapoanzia na anapoishia. Sikuangalia. Nilikuwa nangojea kucheka." "Nukta haikuwekwa ili tumwaibishe mtu. Iliwekwa ili anayesoma apumue, na anayesikiliza aelewe. Wino, ulikijua Kiingereza kuliko wote humu, ukakitumia kumnyima mwenzako pumzi. Sisi wengine tulikusaidia kwa kugonga meza. Elimu inayomwonea mtu haina faida, awe nayo mwanafunzi au mwalimu."

Kisha akamwomba Treni, kama akipenda, awasomee insha yake. Treni alichukua penseli, akazirudisha nukta kwenye matundu yake, akasoma polepole. Kila alipofika kwenye nukta alisimama, akavuta pumzi, akaendelea. Hakuna aliyegonga dawati. Wino, aliyekuwa amekaa peke yake sasa, alizihesabu pumzi zote kumi na mbili.