Kifusi cha Mzee Mwinyijuma

Naitwa Stellamaris. Nafundisha jiografia kidato cha pili huku Vihingo, wilaya ya Kisarawe. Siku za kazi nalala nyumba ya walimu. Ijumaa narudi Kibaha, Kwa Mathias, nilikopanga chumba. Wanafunzi wangu watakwambia nina hasira za karibu. Ni kweli. Nasema kwanza, nafikiri baadaye.

Muhula uliopita, aliyenikera kuliko wote alikuwa Swaumu. Ni msichana wa miaka kumi na minne. Kila siku alifika shuleni kipindi cha tatu, sketi imelowa. Siku moja nilimwita mzembe mbele ya wenzake. Aliinamisha kichwa. Mwenzake Firdausi ndiye aliyenifuata ofisini. Akanieleza kwamba Swaumu anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kisimani kwa mzee Mwinyijuma. Nusu ya kitongoji wanachota pale. Maji yanajaa polepole, foleni ni ndefu, na Swaumu anapeleka ndoo nyumbani kwanza ndipo aje shule.

Niliona aibu. Jioni ile nikaenda kwao.

Baba yake, mzee Pazi, alikuwa anamenya mihogo. Nikamwamkia, akanikaribisha kigoda. Nilipomweleza habari ya Swaumu kuchelewa, aliweka kisu chini. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na shimo la kisima, mita tisa kwenda chini, limefunikwa kwa mabati na miiba. Lilikuwa kavu.

Alisema walilichimba wakati wa kiangazi, yeye na fundi wa visima aitwaye Hashiru. Walianza na udongo mweusi. Ukaja udongo mwekundu. Mwisho wakafika kwenye udongo mweupe wa mfinyanzi, mgumu, unanata kwenye sururu. Wakauchimba siku tatu bila kuona hata unyevu. Hapo mzee Pazi akakata tamaa. Juzi mbuzi wao alitumbukia humo akafa. Mkewe hataki tena kuliona shimo lile, kwa sababu wana watoto wadogo.

"Mwalimu, wewe umesoma mambo ya ardhi," akaniambia. "Niambie ukweli. Chini ya udongo huu mweupe kuna nini? Kama hakuna maji, nilifukie Jumapili."

Nilikuwa sijui. Lakini neno "sijui" lilikuwa zito mdomoni mwangu. Nikamwambia anipe siku tatu, nitamtafutia jibu pamoja na wanafunzi wangu.

Wiki ile nilikuwa nafundisha miamba na umri wake, tena nilianza vizuri. Niliwaambia wanafunzi kwamba mchanga, tope na udongo huletwa na maji au upepo. Hutua tabaka juu ya tabaka, miaka mingi sana. Baadhi ya matabaka hayo hushindiliwa yakawa mwamba. Tabaka lililotua kwanza ndilo la chini, na ndilo la zamani. La juu ndilo jipya. Kanuni hii ni kweli pale ambapo ardhi haijapinduliwa. Hayo maneno ya mwisho niliyasoma kitabuni haraka haraka, nikafunga kitabu.

Nikawapeleka darasa zima kwa mzee Mwinyijuma. Kisima chake kina maji na kiko hatua mia mbili tu kutoka kwa mzee Pazi. Nilitaka kujua kilipita matabaka gani. Lakini kisima kimejengewa zege mpaka chini, ndani huoni kitu. Mzee Mwinyijuma mwenyewe hakujua. Kilipochimbwa alikuwa Mbagala kwa binti yake, akarudi akakuta maji, akashukuru Mungu. Fundi naye alikuwa mtu wa mbali. Kilichobaki ni kifusi, lile lundo la udongo uliotolewa shimoni.

Basi nikaona nimepata. Tukakikata kifusi kwa jembe, kutoka juu hadi chini, tukaona matabaka yamejipanga vizuri. Juu kabisa palikuwa na mchanga wa kijivu wenye vipande vya makombe ya baharini. Chini yake udongo mweupe. Chini yake mwekundu. Chini kabisa mweusi. Wanafunzi wakachukua udongo kidogo wa kila tabaka kwenye mifuko, wakaandika majina.

Swaumu alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona huu mweusi wa chini una mizizi ya nyasi?"

Nilimwambia asitupotezee muda. Kwenye zoezi akachora matabaka kinyume na wenzake wote, mweusi juu na mchanga wa makombe chini. Nikampa sifuri. Kalamu nyekundu niliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Halafu nikaenda kumpa mzee Pazi jibu, kifua mbele. Nikamwambia kwamba kwa jirani yake mchanga unaotunza maji ulikuwa juu, karibu na uso wa ardhi, na kwake haupo. Chini ya mfinyanzi atakuta udongo mwekundu tena, mkavu vilevile. Afukie. Mzee Pazi aliitikia taratibu, akanishukuru. Swaumu alikuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani.

Jumamosi nilikuwa Kwa Mathias. Mpangaji mwenzangu, Elinipa, ni mtaalamu wa miamba. Anafanya kazi Kwala, kwenye kampuni inayotoboa ardhi na kuipima kabla majengo makubwa hayajajengwa. Tulikuwa tunakunywa chai na chapati kibarazani. Nikamtolea ile mifuko ya udongo, nikijisifu jinsi nilivyofundisha kwa vitendo. Akaifungua mmoja mmoja. Alipofika kwenye mfuko ulioandikwa "chini kabisa", akachambua kwa kidole, akatoa kijizizi.

"Dada, nyasi zinaota mita kumi chini ya ardhi?" akauliza.

Nilikichukua kijizizi kile, nikakigeuzageuza.

"Udongo huu mmeuchukua wapi?"

Nikamwambia ni kwenye kifusi. Elinipa hakucheka, na hilo namshukuru mpaka leo. Akanieleza pole pole. Mchimbaji anaanza na udongo wa juu, anaumwaga kando. Unaofuata anaumwaga juu ya ule wa kwanza. Wa mwisho, uliotoka chini kabisa, ndio unaokaa juu ya lundo. Kifusi ni ardhi iliyopinduliwa. Kanuni ni ileile, kilichotua kwanza kiko chini, lakini kwenye kifusi inakupa mpangilio wa kumwagwa tu. Ukitaka mpangilio wa ardhini, lazima ukisome kinyume.

Maana yake ni kwamba mchanga wa makombe uko chini ya mfinyanzi. Mzee Pazi alikuwa amesimama juu yake na mimi nikamwambia afukie. Na Swaumu alikuwa amepata yote.

Nilimpigia mzee Pazi simu mara nne, hapatikani. Elinipa akasema hawezi kuapa kwamba maji yapo, kwa sababu matabaka wakati mwingine huwa membamba au hukatika njiani. Lakini visima hivi viwili viko karibu, na matabaka meusi, mekundu na meupe yamefuatana sawasawa pande zote mbili. Inafaa kupima kabla ya kufukia. Akampigia bosi wake kuomba gari na vyuma vya kutobolea kwa mkono. Akakubaliwa, lakini gari ni la Jumapili asubuhi.

Tukiwa bado kibarazani, nilimwuliza jambo ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka. Je, tabaka gumu ndilo la zamani? Akasema hapana, ugumu hauhesabu miaka. Kuna miamba ya zamani iliyo laini na miamba mipya iliyo migumu. Nikamwuliza basi miaka yenyewe inajulikanaje.

"Mpangilio unakwambia nani kaka, nani mdogo," akasema. "Haukwambii mtu ana miaka mingapi. Miaka inataka maabara."

Akachukua chapati, akaikata nusu, nusu moja akaiweka kando. Akasema ndani ya baadhi ya miamba, hasa ile iliyotokana na volkano, kuna vitu vinavyobadilika polepole kuwa vitu vingine. Mwendo wake haubadiliki. Ukipita muda fulani, inabaki nusu. Ukipita muda uleule tena, inabaki nusu ya nusu. Akaikata tena, ikabaki robo. Wataalamu wanapima kilichobaki na kilichogeuka, wanapata miaka. Mchanga wenyewe ni mgumu kupima hivyo, maana chembe zake zimetoka kwenye miamba mingine ya zamani zaidi. Hapo wanaangalia mabaki ya viumbe, kama yale makombe, yaani visukuku. Aina fulani za viumbe ziliishi zama fulani tu. Nikamwuliza makombe yetu yana miaka mingapi. Akasema hajui, na hawezi kukisia bila kuyapima. Alilisema hilo "sijui" bila aibu yoyote, na mimi nikalisikia vizuri.

Jumapili asubuhi tulipita Mlandizi mapema. Nilikaa kwenye gari nimefumbata mikono. Tulipofika, wanaume wa kitongoji walikuwa wamekuja kwenye msaragambo, kazi ya kusaidiana, kila mtu na koleo lake, na sufuria ya wali iko motoni. Udongo ulikuwa unaingia shimoni. Nilishuka kabla gari halijasimama sawasawa.

"Shikamoo mzee Pazi. Naomba msimamishe kazi," nikasema. "Nilikwambia uongo. Sikukusudia, lakini nilikwambia uongo."

Watu waliacha koleo. Nikaeleza kosa langu mbele ya wote. Kisha nikamwita Swaumu, nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi ndiye niliyestahili ile sifuri. Nikamwomba radhi. Aliangalia chini, akasema, "Haina shida, Mwalimu," kwa sauti ndogo. Mzee Mwinyijuma, ambaye hakosi utani, akasema kosa moja haliachi mke, sembuse mwalimu. Watu wakacheka, na mimi nikapata pumzi.

Elinipa alikataza mtu yeyote kuingia shimoni. Alisema hewa ya chini huweza kuwa mbaya na kuta huweza kuporomoka. Akaweka mbao imara mdomoni mwa shimo, akaunganisha vyuma kimoja baada ya kingine mpaka vikagusa chini. Ncha ya chuma ilikuwa na bapa lililojikunja, linalozoa udongo kila linapozungushwa. Mzee Pazi na vijana wawili wakazungusha.

Kwanza kilitoka kile kifusi walichokuwa wamerudishia. Kisha udongo mweupe. Wakazungusha tena, mweupe. Tena, mweupe. Mzee Pazi alikuwa anatiririka jasho. Mkewe alisimama mbali, mikono kichwani. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria kimoyomoyo, na mzee aliyesimama karibu nami alikuwa anavuta tasbihi. Mara ya sita chuma kikawa chepesi, kikazama chenyewe.

Walipokivuta juu, mzee Pazi aliupokea udongo kwa kiganja. Ulikuwa mchanga wa kijivu. Ulikuwa umelowa chepechepe, na katikati yake palikuwa na kipande cha kombe, kidogo kama ukucha. Akaukamua. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akasema "Alhamdulillahi" mara moja tu, akakaa chini pale pale kwenye udongo.

Fundi Hashiru aliitwa siku iliyofuata. Elinipa alimsisitiza kupuliza hewa shimoni kabla ya kushuka, kujifunga kamba kila mara, na kushusha pete za zege kadiri anavyochimba. Ilichukua wiki mbili na nusu. Maji yalipopanda, yalipelekwa kupimwa kwanza, yakaonekana salama. Siku hizi Swaumu anafika shuleni kabla yangu, na foleni kwa mzee Mwinyijuma imepungua nusu.

Darasani nilibadili ufundishaji. Hatusomi tena tabaka kabla ya kuuliza swali moja: je, hapa ardhi imekaa kama ilivyotua, au kuna mtu, maji au tetemeko lililoigeuza? Anayeona kitu kisicholingana na kanuni ananyoosha mkono, na mimi nanyamaza mpaka amalize. Si rahisi kwangu. Lakini nanyamaza.

Siku walipofunga kisima kwa mfuniko nilikwenda kutoa shukrani zangu. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitaka kumshukuru Swaumu kwa kutonichukia, na mzee Pazi kwa kusimamisha koleo aliposikia sauti yangu. Lakini yeye ndiye aliyetangulia kusema, huku ananimiminia maji kwenye kikombe.

"Wanaotupoteza ni wengi, Mwalimu," akasema. "Wewe uliona umetupoteza, ukapanda gari ukarudi. Hilo ndilo ninalokushukuru. Maji ni ya Mungu."

Nikanywa yale maji yote, nikaomba kikombe kingine.